Moto Uliotoka Kagoma

Tarehe 9 Julai 1952, siku ya Jumatano, kabla umande haujakauka, nilimpoteza mama yangu. Siku hiyo hiyo, jua lilipopanda, moto wa jikoni mwake ulizimwa kwa maji, maana ndivyo ukoo wetu ulivyofanya mwenye nyumba anapofariki. Naviandika vyote viwili pamoja kwa sababu kwangu havikutengana. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, lakini jambo hili nimelibeba tangu utoto, na nitaliandika lilivyokuwa.

Nyumba yetu ilikuwa msonge wa nyasi upande wa Maruku, katikati ya kibanja cha migomba na mibuni. Ukisimama mlangoni ulikuwa huoni mbali, migomba ilifunga kila kitu, ila asubuhi upepo ulipoyapasua majani ulionekana ukanda mwembamba wa ziwa, mweupe kama kitambaa kilichoanikwa. Ndani kulikuwa na giza zuri. Sakafu ilitandikwa nyasi, na nyasi zilipokuwa mpya nyumba nzima ilinukia kama mvua. Nikifumba macho sasa ninaisikia harufu ile, na juu yake harufu ya moshi, na juu ya moshi ndizi zinazoiva ndani ya chungu kilichofunikwa majani. Baba alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni. Tulikuwa wawili tu, mimi na Mawe, kama watoto wa kwetu tunavyomwita mama. Mimi, Mawe, na moto.

Nausema moto kama mtu kwa sababu ndivyo nilivyolelewa. Mawe alizaliwa Kagoma, huko Muleba, na alipoolewa mama yake alimpa moto wa nyumbani. Shangazi yake aliubeba ndani ya kigae chenye majivu, na kwa tahadhari akasokota kamba ya maganda makavu ya mgomba ikawa inafuka polepole njiani. Walitembea siku mbili. Usiku walilala kwa watu, shangazi akakesha akiulisha moto kama mtoto mchanga. Walipofika Maruku, Mawe aliingia nyumbani kwa mumewe na moto ukaingia naye. Tangu siku hiyo haukuzimika. Nilisimuliwa habari hiyo mara nyingi hata nikadhani nilikuwako, na mpaka leo ninaiona ile njia, rweya, ule uwanda wetu wa wazi, limenyooka na nyasi zake fupi, na wanawake wawili wanakwenda bila kusema neno, mmoja akiukinga mwanga mdogo kwa kiganja.

Jioni, tulipokwisha kula, Mawe aliusukuma mkia wa gogo, akayakusanya makaa pamoja, akayafunika kwa majivu. Kisha alisali akiwa amepiga magoti hapo hapo kwenye mafiga. Alimwambia Mungu kwamba Yeye aliyekuwako Kagoma ndiye aliyeko hapa. Asubuhi alipoyafukua majivu na kuona wekundu, alisema "Asante" kwa sauti ndogo, na siku ikaanza.

Mawe alikuwa mmoja wa walokole, Wakristo wa uamsho. Kila Alhamisi alasiri walikuja kwetu, watu kumi, siku nyingine ishirini, wakaketi juu ya nyasi, wakaimba, na kila mmoja akaweka nuruni dhambi zake. Niliyasikia mengi. Mama mmoja alikiri kwamba aliing'oa miramula, ile mimea ya mpaka, akaipanda upya hatua mbili ndani ya shamba la shemeji yake. Mzee mmoja alikiri kwamba kila akimwona mkwewe anakuja humtukana moyoni kuanzia mlangoni mpaka anapoondoka.

"Na leo umemtukana?" aliulizwa.

"Leo hajaja bado," akasema, na watu wakacheka, naye akacheka huku analia.

Mawe alipofika zamu yake aliunyoshea moto mkono. "Mnauona huu," alisema. "Ulikuwako kwa mama yangu. Mimi nimeumwa, nimefiwa na mume, nimekasirika, nimesahau kusali. Moto huu haukubadilika. Basi Mungu aliyeuumba moto atabadilikaje?" Watu waliupenda ushuhuda huo. Waliotoka vijiji vya mbali waliomba kuonyeshwa mafiga.

Nilikuwa na miaka tisa hivi, wakati wa vita, Mawe alipopata habari kwamba dada yake anaumwa huko Kitendaguro. Ulikuwa mwezi wa Novemba. Aliondoka alasiri, aliahidi kurudi kesho yake jioni, na kulala peke yangu usiku mmoja halikuwa jambo la ajabu, maana kwa jirani palikuwa umbali wa kuitana. Aliniagiza jambo moja.

"Nikirudi nitakuuliza, moto umelala vizuri? Nawe utanijibu nini?"

"Umelala vizuri, Mawe."

"Haya."

Niliufunika kama nilivyofundishwa. Alfajiri nikasikia kelele nje, wanawake wanaitana, watoto wanakimbia. Senene walikuwa wameshuka. Asiyezaliwa kwetu hawezi kujua maana ya neno hilo asubuhi ya Novemba baada ya mvua. Nilichukua kikapu nikatoka bila kutazama nyuma. Rweya lote lilikuwa la kijani, na ile kijani ilikuwa inatembea. Senene, panzi wetu wa kuliwa, walikuwa wazito kwa umande, hawawezi kuruka, unawaokota tu kwenye majani kama unavyochuma matunda. Jua lilipochomoza mabawa yao yakang'aa, wengine wakaanza kupanda hewani, na sisi tukawafuata tukicheka mpaka upande wa pili wa kilima. Sijapata tena asubuhi kama ile. Nilirudi jua likiwa juu kabisa, kikapu kimejaa.

Majivu yalikuwa yamelowa. Mvua ya usiku ilipata tundu kwenye paa, na mimi sikuwa nimelifukua jiko asubuhi. Niliingiza vidole, kwanza kwa woga wa kuungua, halafu kwa woga mwingine. Nilichimba mpaka kwenye udongo. Udongo wenyewe ulikuwa baridi.

Viberiti vilikuwa vimeadimika dukani kwa ajili ya vita. Lakini hata kama vingekuwako, sidhani kama ningethubutu. Nilichukua kigae nikapita katikati ya mibuni mpaka kwa jirani yetu, bibi mmoja Mkatoliki aliyeishi peke yake. Alikuwa ameketi mlangoni ananyonyoa senene mabawa.

"Nani anakuja kwa kunyata kama mwizi wa kuku?"

"Ni mimi, Bibi. Naomba moto."

Akaacha kunyonyoa. "Moto? Ninyi? Si wenu ni ule usiozimika?"

Nikaanza kulia.

"Nyamaza, mwana wange. Ulikwenda kuokota senene?"

"Ndiyo, Bibi."

"Umejaza?"

"Nimejaza."

"Basi unalia nini, wenzako wamepata nusu." Aliinuka akaingia ndani, akanichotea makaa matatu mazuri, akayafunika majivu. "Ila nikuonye. Moto wangu ni Mkatoliki. Ukiusikia usiku unasali rozari, usishtuke."

"Bibi, usimwambie Mawe."

"Mimi na mama yako tunazungumza habari za mbuzi wake kula mihogo yangu. Habari za moto hatujafika."

Nilitembea nikikinga kigae kwa kiganja, kama shangazi wa Kagoma, na nilijua kwamba ninamwigiza.

Mawe alirudi jua likizama, miguu imejaa tope. Aliona chungu juu ya mafiga na senene waliokaangwa.

"Moto umelala vizuri?"

"Umelala vizuri, Mawe."

Akapiga magoti hapo hapo, hajaweka hata mzigo chini, akamshukuru Mungu.

Alhamisi iliyofuata ushuhuda wake uliongezeka. "Hata nilipomwachia mtoto," alisema, "mtoto wa miaka tisa, na senene wameshuka, Mungu aliulinda." Watu waligeuka kunitazama kwa upendo. Niliangalia nyasi.

Sasa niseme kilichokuwa moyoni mwangu, ingawa najua ni mawazo ya mtoto. Sikuogopa fimbo. Mawe alikuwa amesema mara nyingi kwamba moto ule na Mungu wake ni wa namna moja, wa jana ndio wa leo. Mimi niliona kwa vidole vyangu kwamba wa jana umekufa, na wa leo umeazimwa. Basi niliamini kwamba asubuhi ile nilimzima Mungu wa Kagoma, aliyekuja na bibi zetu, na kwamba huyu tunayemwomba tangu hapo ni mwingine, mgeni, asiyetujua majina. Mawe alipoomba na asipate, nilijua sababu. Ng'ombe wa mjomba wangu alipokufa, nilijua sababu. Niliota ndoto ile ile mara kwa mara: bibi yangu wa Kagoma, ambaye sikumwona hata siku moja, anatembea peke yake rweyani na kigae kitupu, na kila nyumba anayopita anauliza kwa upole kama kuna mtu aliyeuona moto wake. Akinikaribia naamka.

Nilipokua, Alhamisi nami niliulizwa. "Na wewe binti, huna la kuweka nuruni?" Nilikiri kuiba muwa. Nilikiri uvivu, na hasira, na kumcheka mwalimu. Nilikiri yote ila lile moja, kwa maana lile moja halikuwa langu peke yangu. Ningelisema, ningeuzima ushuhuda wa mama yangu kama nilivyouzima moto wake. Hivyo nilikaa miaka tisa.

Mwanzo wa Juni 1952 Mawe alianza kuumwa kifua. Tulimlaza karibu na jiko apate joto. Alikonda upesi. Mwisho wa mwezi, siku ya Alhamisi, walokole walikuja, na ndugu aliyekuwa akiwaongoza, fundi wa baiskeli, mjane kama Mawe, alimwomba aseme tena habari ya moto. Akasema, kwa kuvuta pumzi, neno kwa neno, mpaka kwenye mtoto wa miaka tisa. Baadhi yao walilia. Walipoondoka nilibaki nimesimama na bakuli la uji mkononi, nikatambua kwamba anakwenda kufa akiwa ameushika uongo wangu kama fimbo ya kutembelea.

"Mawe," nikasema, "moto ulizimika."

Akageuza macho jikoni. "Mbona unawaka?"

"Mwaka ule wa vita. Ulipokwenda Kitendaguro. Nilikwenda kuokota senene, mvua ikaingia. Huu si wa Kagoma."

Kahawa ilikuwa inakauka nje kwenye mikeka, nilisikia kuku wanaikwaruza na sikutoka kuwafukuza.

"Ni wa wapi?"

"Wa kwa Bibi jirani."

"Yule Mkatoliki?"

"Ndiyo."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikamshika mpaka kikapita. "Miaka tisa," alisema. "Miaka tisa napika kwa moto wa Papa! Na yule bibi ananitazama juu ya mibuni kila siku, anauliza, hamjambo huko, moto wenu hajambo?" Kisha uso wake ukabadilika. "Nimewaambia watu uongo mbele za Mungu."

"Ni uongo wangu, Mawe."

"Ulitoka kinywani mwangu." Akafumba macho. "Na wewe ulifikiri nini, siku zote hizo?"

Nikamwambia. Nilimwambia kwamba nilidhani nimemzima Mungu. Hakucheka. Alinyosha mkono akanishika kifundo cha mguu, maana ndicho kilichokuwa karibu.

"Na mimi," alisema, "kila jioni nilipoyafunika makaa, unajua nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa namfunika Yeye, asife usiku. Tumekuwa walinzi wawili, mwana wange. Tumechoka bure."

Alitaka watu waitwe, asingoje Alhamisi. Jumapili baada ya ibada nilikwenda kuwaita, na kwa agizo lake nikamwita na Bibi jirani, ambaye alikuja na rozari yake akaketi karibu kabisa na mlango, kama mtu aliye tayari kutoka. Mawe aliomba ainuliwe akae. Akasema yote bila kulitaja jina langu vibaya. Yule fundi wa baiskeli akakuna kichwa.

"Mama," akasema, "ilikuwa lazima? Wengi wamejengwa na ushuhuda ule. Mimi mwenyewe, mke wangu alipofariki, nilikuja hapa, nikakaa pale, nikautazama moto huu. Nikasema moyoni, kama huu haujabadilika, nami nitasimama. Sasa unaniambia nilitazama nini?"

"Ulitazama makaa ya jirani."

"Matatu," Bibi akasema pale mlangoni. "Na moja lilikuwa dogo."

Watu walicheka, lakini yeye hakucheka. Aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtoto, "Basi nishike nini?" Nilimwelewa kuliko wote waliokuwamo.

Mawe alipumua kidogo kidogo mpaka akapata nguvu. "Siku ile ulipokuja, ulipata msaada au hukupata?"

"Nilipata."

"Ulisimama?"

"Nilisimama, Mama. Nimesimama mpaka leo."

"Na moto ulikuwa umekufa zamani. Ni nani basi aliyekupa?"

Mawe alikuwa amechoka. Akasema tu kwamba alimfananisha Mungu na kitu kinachotaka kuni, na kwamba anaomba msamaha kwa hilo. Kisha aliomba alazwe. Hapakuwa na wimbo. Watu walitoka mmoja mmoja, na wawili sikuwaona tena nyumbani kwetu hadi msibani. Fundi wa baiskeli alibaki nyuma. Aliuchukua mkia wa gogo, akausukuma ndani, akatazama cheche zikipanda, akaondoka.

Sitasema kwamba tangu siku hiyo nilijaa amani. Nilichopata ni kidogo kuliko hicho. Ile ndoto ilirudi mara moja tu, na mara hiyo bibi yangu hakuwa na kigae. Alikuwa anatembea rweyani mikono mitupu, ametulia, kama mtu anayekwenda kwake. Hakuuliza kitu. Alipita karibu yangu na sikuamka.

Jumanne jioni, tarehe 8, niliinama kuyakusanya makaa, Mawe akasema, "Leo acha. Lala." Nikaacha. Ilikuwa mara ya kwanza. Nililala ubavuni pake juu ya nyasi, nikausikia moto unajisemea wenyewe mpaka nisisikie. Alfajiri kulikuwa na wekundu mdogo chini ya gogo. Sikuufanya ushuhuda, gogo lilikuwa kubwa na usiku haukuwa na mvua. Mawe aliniuliza kama kahawa imekwisha kuanikwa. Nilimjibu kwamba bado, umande haujakauka. Akasema, "Ngoja kidogo basi." Hakusema tena.

Tuliomboleza siku nne. Jiko lilikuwa shimo jeusi lenye maji. Chakula kilipikwa nje na wanawake wa kijiji. Walokole waliimba, na Bibi jirani alikaa kati yao siku zote nne, mchana na usiku, akipitisha rozari yake kwa vidole chini ya kanga, na nyimbo alizozijua aliziimba pia. Siku ya tano watu waliziondoa nyasi za msiba, wakatandika mpya, wakaondoka. Nyumba ikanukia mvua, na mimi nikabaki peke yangu.

Nililikausha jiko kwa majivu ya nje. Kwenye rafu kulikuwa na kiberiti, siku hizo vilikuwa vimerudi madukani, na Mawe hakuwa amekitumia hata siku moja. Nilikishika kwa muda. Njiti ya kwanza ilivunjika. Ya pili ikawaka. Nilipiga magoti kuupuliza moto, na kwa kuwa nilikuwa nimekwisha piga magoti, nilisali. Nilimwambia Yeye aliyekuwako kwa Mawe kwamba niko hapa. Nikaweka chungu cha ndizi juu ya mafiga.

Ndizi zilikuwa hazijachemka niliposikia majani ya mibuni yanasukumwa. Bibi alisimama mlangoni, ana kigae mkononi.

"Siku nne nimekaa kwenu," alisema, "wangu umekufa kabisa. Nipe moto."

"Karibu, Bibi."

"Ni moto wa nani huo?"

"Wa kiberiti, Bibi."

"Haya, lete."

Nikamchotea makaa matatu, nikayafunika majivu, akaondoka nayo akiyakinga kwa kiganja.